Mashine Haidarizi

Mteja alikuja Jumamosi, saa nne asubuhi, kuchukua mashuka yake. Jozi moja ya sita kwa sita na foronya nne. Shuka la juu lilikuwa na maua tisa ya zambarau, na foronya mbili zilidariziwa maneno "Usiku Mwema". Mama alikuwa amekaa na kazi ile siku tatu. Walikubaliana shilingi 25,000 za ufundi. Kitambaa na uzi alileta mteja mwenyewe.

Yule dada aliyakunjua mashuka, akayageuza upande wa nyuma kama mtu anayejua anachokitafuta, akapitisha kidole juu ya ua moja, akasema yamependeza. Kisha akahesabu noti, akatoa 15,000.

"Fundi, naomba unisaidie. Si mashine tu inayoshona? Ungekuwa umedarizi kwa mkono ningekuelewa."

Mama akapokea. Elfu kumi na tano kwa siku tatu ni elfu tano kwa siku, na umeme wa kuendeshea cherehani ni wa kwake.

Mimi nilikuwa hapo hapo kibarazani, Morogoro, nimekuja likizo. Nilikuwa na kompyuta mapajani, naandika pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu thamani ya kazi za wanawake katika sekta isiyo rasmi. Nilikuwa na kurasa kumi na nne kuhusu thamani ya kazi za wanawake, na sikufungua mdomo. Makala haya ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Limechelewa, lakini wanaosema "si mashine tu" wapo kila siku, kwa hiyo halijaharibika.

Jibu lenyewe ni fupi: mashine haidarizi. Anayedarizi ni mtu. Nitaeleza kwa nini, kisha nitasema kwa nini nadhani wengi wetu tunalijua hilo na bado tunajifanya hatulijui.

Tuanze na cherehani yenyewe. Cherehani ya nyuzi mbili, wa juu unaopita kwenye sindano na wa chini unaokaa kwenye bobini, ilipata hataza Marekani mwaka 1846 kwa jina la Elias Howe. Isaac Singer alipata ya kwake mwaka 1851. Kanuni yake haijabadilika sana tangu hapo. Sindano inashuka na uzi wa juu, chini kuna kifaa kinachoukamata na kuuzungusha kwenye uzi wa chini, nyuzi mbili zinafungana katikati ya kitambaa. Kisha meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani yanakisogeza kitambaa kidogo, na sindano inashuka tena. Hayo ndiyo cherehani inayoyajua: kufunga nyuzi na kusogeza kitambaa mbele.

Sasa mtazame fundi anapotaka kudarizi ua. Jambo la kwanza anafungua mguu wa cherehani na kuuweka pembeni. La pili anayashusha yale meno, na kama cherehani ni ya zamani isiyoshusha meno, anayafunika kwa kibati. Maana yake, kabla ya kuanza darizi, fundi anainyang'anya mashine uwezo wake wa kusogeza kitambaa. Inabaki sindano inayopanda na kushuka mahali pamoja. Ukiiacha hivyo hivyo na kukanyaga, itachoma tundu lile lile mpaka uzi ukatike.

Kila kinachofuata kinatoka mwilini mwa mtu. Kitambaa kinakazwa kwenye ringi, yale maduara mawili yanayobanana, mpaka kinalia kama ngoma ukikigonga kwa ukucha. Mikono miwili inaishika ringi na kuitembeza chini ya sindano: polepole kwenye kona, haraka kwenye mstari, nyuma, mbele, kwa mzunguko. Kwenye cherehani ya zigizagi ya mama kuna chuma kinachoning'inia chini ya meza, usawa wa goti la kulia. Goti likikisukuma, sindano inatanua hatua zake kushoto na kulia. Goti likilegea, hatua zinafinyika mpaka zinakuwa mstari. Mguu unatoa mwendo, goti linapima upana, mikono inachora. Ncha ya jani ni goti linalorudi taratibu huku mikono ikivuta. Tumbo la jani ni goti linalosukuma. Goti likichelewa kidogo, jani linakuwa ulimi wa ng'ombe, na halifumuliki bila kuacha matundu kwenye shuka la mtu.

Nilijaribu nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa najua kupanda baiskeli, nikadhani ni jambo la namna hiyo, miguu na mikono kupatana. Nilivunja sindano tatu kwa mchana mmoja. Kosa langu lilikuwa kuvuta kitambaa wakati sindano iko ndani. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Sikiliza sauti yake, usiangalie sindano." Mpaka leo sijui anasikia nini.

Baada ya yule mteja kuondoka niliomba nibaki na foronya moja ya maua ambayo mama alikuwa ameanza kwa ajili ya mteja mwingine. Nikapiga picha ya ua kwa simu, nikaikuza, nikaweka rula. Katika sentimita moja ya mshono nilihesabu mishono 25. Ua lina petali tano, na mzunguko wa kila petali ulikuwa karibu sentimita 18. Hiyo ni sentimita 90 kwa ua moja, yaani mishono 2,250, na bado sijagusa kikonyo wala majani. Maua tisa ya ukubwa huo ni zaidi ya mishono 20,000. Kila mmoja ulianguka mahali ambapo mikono ya mama iliuelekeza, kwa upana ambao goti lake liliuchagua. Hakuna mahali popote kwenye cherehani ile palipoandikwa "ua".

Kwa hiyo mteja amekosea. Lakini yeye ana udhuru: hajawahi kukaa upande ule wa meza. Wanaonisumbua zaidi ni watu wa aina yangu.

Muhula uliopita, kwenye semina, mwenzetu mmoja aliwasilisha kazi nzuri kuhusu kofia za kiua. Alieleza jinsi vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja kwa mkono, jinsi kofia moja inavyoweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, na jinsi mshonaji na mvaaji wanavyotambuana kwa ua lililochaguliwa. Mwishoni mtu akauliza: na zile za cherehani? Jibu lilikuwa, "Zile ni biashara tu." Darasa zima likacheka. Nilicheka na mimi, nikiwa nimelipiwa ada na zile za cherehani.

Sina ugomvi na kofia ya kiua, wala sitaki bei yake ishuke hata shilingi moja. Ugomvi wangu ni na ule mstari tunaouchora: upande huu mkono na sanaa, upande ule mashine na biashara. Mstari huo hatuuchori mahali pengine popote. Kanga inatoka kiwandani. Imetoka viwanda vya nje kwa miongo mingi, na hapa Dar es Salaam imetoka kiwanda cha Urafiki, kilichoanza mwaka 1968. Mashine inachapa maelfu ya kanga zinazofanana, na bado tunaandika tasnifu kuhusu jina la kanga, tunajadili nani alimvalia nani na kwa ujumbe gani. Hakuna anayenyanyua mkono kusema, "Lakini si mashine tu iliyochapa?" Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa la umeme lililotengenezwa kiwandani, likapita kwenye amplifaya iliyotengenezwa kiwandani. Sijasikia mtu aliyesema gitaa ndilo lililopiga.

Kwa nini basi cherehani? Gitaa linakanusha maelezo kwamba tunaheshimu mkono na kudharau chombo. Maelezo ninayoyaona mimi ni kwamba mpiga gitaa anakaa jukwaani na mchapaji wa kanga anakaa kiwandani, hatuna nafasi ya kubishana nao bei. Fundi wa darizi anakaa kibarazani, ni mama wa mtu, anatujua kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, na anahitaji hela ya leo. Tunamfikia. Neno "mashine" linafanya kazi moja tu katika mazungumzo hayo, nayo ni kupunguza bei. Sisi wasomi tukilisema darasani kwa sauti ya kinadharia, tunamwazima mteja hoja ya kwenda nayo kibarazani.

Utaniambia kazi ya mkono inachukua muda mrefu zaidi, ndiyo maana ni ghali. Sawa kabisa. Kofia ikichukua miezi miwili, ilipiwe miezi miwili. Shuka likichukua siku tatu, lilipiwe siku tatu. Simwombei mama malipo ya miezi. Lakini yule dada hakusema, "Siku tatu ni 15,000." Hakuuliza siku. Aliona mashine pembeni akaamua kwamba siku hazikuwepo.

Kuna pingamizi la pili, nalo lina nguvu zaidi. Siku hizi ziko cherehani ndogo za umeme zenye mishono ya urembo ndani yake. Mbele zimechorwa picha: majani, mawimbi, nyota, mioyo, vipepeo. Unachagua, unakanyaga, majani yanatoka yenyewe. Jambo hili si geni sana. Mwaka 1952 cherehani ya Elna Supermatic kutoka Uswisi ilikuwa inabadilishiwa visahani, kila kisahani kikiiongoza sindano kwenye nakshi yake. Kompyuta ilikuja baadaye kuchukua nafasi ya kisahani. Hapo je? Hapo si mashine inayodarizi?

Hapo nakubali nusu. Umbo la jani limetoka kwa mtu aliyelibuni kiwandani, halikutoka kwa fundi. Nusu ya pili niliielewa kwa aibu. Rafiki yangu wa bwenini alinunua cherehani ya namna hiyo, nikajitolea kumwekea majani kwenye pindo la sketi yake ya satini. Nilidhani damu ya mama inatosha. Nikachagua picha, nikakanyaga. Majani yalitoka, ni kweli, lakini kitambaa kilijikunja na kukunyata kama kidole kilichokaa sana kwenye maji ya kufulia. Uzi wa chini ukachungulia juu kama vidoti vyeupe. Na nilipozunguka pindo zima na kurudi nilikoanzia, jani la mwisho lilipanda juu ya jani la kwanza.

Nikampigia mama simu, nikamtumia picha. Mama hajawahi kuigusa cherehani ya aina hiyo. Aliuliza maswali manne.

"Umeweka karatasi chini ya kitambaa?" Kitambaa laini hakiwezi kubeba mshono mnene peke yake, lazima kiegemee kitu, na karatasi inachanwa ukimaliza.

"Uzi wa juu umeulegeza?" Ukilegea kidogo, uzi wa chini unauvuta kwa nyuma na hauchungulii mbele.

"Umeweka mguu gani?" Mshono wa urembo unavimba, unahitaji mguu wenye mfereji chini yake ili upite. Mguu wa kawaida unaukanyaga, kitambaa kinakwama na majani yanabanana.

"Na ulipima pindo?" Jani moja lilikuwa milimita 12. Pindo lilikuwa sentimita 190. Gawanya: majani 158 na theluthi moja ya jani. Hiyo theluthi ndiyo iliyonipandia. Fundi anaijua kabla ya kuanza. Anarefusha kila jani kwa kiasi ambacho jicho halioni, au anaanzia kwenye mshono wa ubavuni ili kasoro ijifiche pale.

Kisha akaongeza la tano, ambalo halikuwa swali: "Hukujaribu kwenye kipande." Kweli, sikujaribu.

Kwa hiyo hata mashine inayojua umbo la jani haijui satini, haijui pindo, haijui kona. Wauzaji wa cherehani hizi wanaporudia kwamba unabonyeza tu maua yanatoka, wanauza mashine, ni kazi yao. Lakini sentensi yao inashuka sokoni na kuwa bei ya fundi.

Na zile za kompyuta zenye vichwa vingi, zinazodarizi nembo za shule kwenye masweta? Hata pale mtu hukaa kwanza na kuamua mshono ulale upande gani, ubanane kiasi gani, rangi ipi itangulie. Ila nembo ya mia haihitaji tena maamuzi ya nembo ya kwanza, na ni haki iwe rahisi. Hilo nalikubali bila kinyongo. Ua la tisa la mama linahitaji mikono, goti na macho yale yale ya ua la kwanza, tena yakiwa yamechoka. Bei ya nembo ya mia haiwezi kuwa bei yake.

Sasa nifike kwenye deni langu, maana itakuwa uongo kumalizia kwa kumsema yule dada.

Nilipokuwa najiunga kidato cha tano, fomu ilikuwa na nafasi ya kazi ya mzazi. Niliandika "mama wa nyumbani". Nilipoingia chuo shahada ya kwanza niliandika "mjasiriamali mdogo", kwa sababu nilikuwa nimejifunza neno hilo. Kwenye fomu ya uzamili niliandika "hana ajira". Mama amekaa kwenye kiti kile tangu kabla sijazaliwa. Mgongo wake umeota umbo la kile kiti. Anatumia miwani ya kusomea aliyonunua barabarani, na bado anatunga uzi kwenye sindano namba 14 bila kukosea. Nusu ya ada yangu ni mashuka ya watu wa Morogoro. Nami, mwenye elimu ya kutosha kumtetea, niliandika kwa kalamu yangu kwamba mtu huyo hana kazi. Yule dada alimpunguzia elfu kumi. Mimi nilimfuta kabisa.

Ndiyo maana simwandikii mteja peke yake. Nakuandikia wewe unayesoma hapa, mwenye shahada au unayeitafuta, ambaye mwezi ujao una harusi, sare ya kamati, au foronya za zawadi. Usimpe fundi wa darizi hotuba kuhusu utamaduni. Fanya mambo madogo matatu. Muulize kazi itachukua siku ngapi kabla ya kuuliza bei, kisha gawanya uone kama wewe ungekubali kiasi hicho kwa siku. Ukipigwa picha na nguo yake, taja jina la fundi kama unavyotaja la mpambaji na la mpiga picha. Na kama hela yako ni ndogo, omba maua machache. Kupunguza maua ni uungwana. Kuchukua maua yote tisa na kulipia matano una jina lake, na mama yako alikufundisha jina hilo ukiwa mdogo.

Rasimu ya makala haya nilimsomea mama jioni moja, cherehani ikiwa imezimwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwenye hesabu ya mishono alitabasamu, kwenye habari ya fomu aliangalia pembeni. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hayo yote ni shilingi ngapi?"

Swali lilikuwa la haki, nikashika kalamu. Nilipendekeza aache kutoza kwa shuka, atoze kwa ua, elfu tano kila moja. Akacheka mpaka akavua miwani. "Morogoro hii hii?" Tukabishana. Tukakubaliana elfu tatu kwa ua kubwa, elfu moja na mia tano kwa dogo, na maneno ya foronya bei yake peke yake. Akaandika kwa mkono wake kwenye kipande cha boksi na kukitundika juu ya cherehani, palipokuwa na kalenda.

Maua tisa ni elfu ishirini na saba, bila foronya. Wiki iliyofuata alikuja mteja mwingine, akasoma lile boksi, akanung'unika kidogo, akauliza lile swali la mashine. Mama alimwonyesha ringi iliyokazwa kitambaa cheupe, haina kitu. Akamwambia, "Maua bado hayajawekwa. Unataka mangapi?"

Akataka sita, akayalipia yote sita.